Mashapo ya Moto: Asili ya Miamba Myeusi ya Kupenya

Atokaye Tingi kwenda Kilwa Kisiwani hupita juu ya ardhi iliyozaliwa na bahari. Udongo na mawe ya chokaa ya pwani hiyo ni mashapo yaliyotua chini ya maji hapo kale. Na Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa vilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Walakini Neville Chittick, aliyechimbua magofu hayo katika miaka ya 1960, alikuta pia vipande vya vyombo vya jiwe laini la kloraiti, vilivyoletwa kwa jahazi kutoka Bukini. Jiwe la namna hiyo mara nyingi hutokana na mwamba mweusi wenye magnesi na chuma nyingi, uliogeuzwa na joto, mgandamizo na maji. Basi mwamba huo wenyewe ulizaliwaje?

Mwishoni mwa karne ya 18 Abraham Werner, mwalimu wa Freiberg katika Ujerumani, alifundisha kwamba karibu miamba yote ilitua katika bahari ya kale. Angalifundisha Kilwa, hapana ambaye angalimpinga, kwa kuwa kila jiwe lingalimshuhudia. Mskoti James Hutton alikataa. Mwaka 1785, katika bonde la Glen Tilt, aliona mishipa ya itale iliyopenya ndani ya miamba mikongwe zaidi, akatambua kwamba itale ilipanda kutoka chini hali imeyeyuka kwa moto.

Tabaka lililo chini ya ganda la dunia likiyeyuka kwa sehemu, huzaa magma nyepesi kuliko mwamba unaoizunguka. Magma hiyo hupanda, na isipofika juu hupoa polepole ndani ya ganda, hata fuwele zake zikakua kubwa. Mwaka 1915 N. L. Bowen, katika maabara ya Washington, alionyesha kwamba fuwele za olivini zaweza kuzama katika kiowevu cha moto. Zikikusanyika chini hufanya mwamba wa ultramafiki. Na magma iliyobaki, ikigandisha pairoksini na felspa, hufanya gabro. Mwaka 1939 Wager na Deer walieleza gabro yenye matabaka huko Skaergaard, Greenland. Wataalamu wa baadaye wameongeza kwamba si kila fuwele ilizama: nyingine zilikua papo hapo sakafuni.

Hapa mtaalamu wa lugha hana budi kujihadhari. Twasema “miamba ya mashapo” kwa mfano wa kahawa ituayo birikani. Lakini fuwele za Bowen nazo ni mashapo, mashapo ya moto. Atungaye istilahi kwa kutazama sura tu ataona matabaka ya gabro, ayaweke pamoja na chokaa ya Kilwa, na hivyo arudie kosa la Werner kwa Kiswahili fasaha. Istilahi yafaa ifuate asili: gabro na iitwe mwamba wa moto wa kupenya, hata ikiwa na matabaka.

Jambo hili si la vitabuni tu. Huko Kabanga, wilaya ya Ngara, yapata miaka milioni 1,400 iliyopita, magma ilipenya matope ya kale yaliyokwisha kuwa miamba, ikatwaa salfa iliyokuwamo. Salfa ikakusanya nikeli, shaba na kobalti, ikazama nazo kwa uzito. Basi utajiri wa Kabanga haukutokana na moto peke yake, bali na moto kukutana na mashapo ya maji. Na lugha isiyopambanua mashapo hayo mawili haitaweza kumweleza mwananchi kilicho chini ya miguu yake.