Ufuo wa baridi ulioteka nyoyo za Waingereza

Bahari ya Uingereza huwa baridi hata Agosti, na mvua yaweza kunyesha siku yoyote ya kiangazi. Ufuo wa Brighton, licha ya sifa zake, umejaa kokoto ziumizazo nyayo. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne mbili Waingereza wamekuwa wakimiminika pwani wakati wa likizo.

Safari hizo zilianza kama matibabu. Mnamo 1750 tabibu Richard Russell alichapisha kitabu kilichosifu maji ya bahari kuwa dawa ya maradhi ya tezi. Wagonjwa waliagizwa kuyaoga na, la ajabu zaidi, kuyanywa. Matajiri walimfuata Brighton, wakawa wakiingia majini kutoka vibanda vya mbao vyenye magurudumu ili wasionekane. Mwanamfalme aliyekuja kuwa Mfalme George IV alijijengea huko kasri yenye kuba za mtindo wa Kihindi.

Reli ndiyo iliyowafungulia walalahoi mlango. Ilifika Brighton mwaka 1841 na Blackpool mwaka 1846. Katika jimbo la Lancashire, kila mji wenye viwanda vya pamba ulivifunga kwa takriban juma moja, mitambo ikarabatiwe, na wakazi wakahamia Blackpool kwa pamoja. Jirani wa mtaani akawa jirani wa chumba cha wageni. Kwa wengi juma hilo halikuwa na mshahara. Familia ziliweka akiba mwaka mzima. Sheria ya likizo yenye malipo ilipitishwa 1938 pekee.

Kwa umati huo Blackpool ilijenga mnara wa mita 158, uliofunguliwa 1894 kwa kuiga ule wa Eiffel jijini Paris. Miji mingine ilijivunia magati, yanayomwezesha mtu kutembea juu ya bahari bila kupanda chombo. Lile la Southend, refu kuliko yote ya burudani duniani, lina zaidi ya kilomita mbili na treni yake.

Haiba ya pwani hii ni kwamba hakuna anayejali heshima za mjini. Mzee hukunja suruali akatia miguu majini. Samaki na vibanzi huliwa kwenye karatasi, shakwe wakivizia kupora. Watoto hupanda punda na kuwacheka vikaragosi Punch na Judy. Mvua ikizidi, familia hujifungia garini ikaitazama bahari kupitia kioo, chai mkononi, na siku ikahesabiwa njema.

Mambo yaligeuka miaka ya 1960 na 1970, safari nafuu za ndege zilipowapeleka watalii Uhispania. Nyumba nyingi za wageni zikawa vyumba vya kupanga vya bei ya chini, kimbilio la wasio na kazi na wagonjwa. Jaywick, kijiji kilichojengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya likizo za watu wa London, kilitajwa katika takwimu za serikali za 2010, 2015 na 2019 kuwa na mtaa wenye dhiki kuliko yote England. Margate ilipata jumba la sanaa la Turner Contemporary mwaka 2011. Wageni walirudi, na bei za nyumba zikawapanda wenyeji kichwani.

Gati la magharibi la Brighton lilifungwa 1975 na kuteketea kwa moto 2003. Mifupa yake ya chuma ingali imesimama majini, na wageni huipiga picha jua likitua.