Mabaki ya Kale Katika Upakiaji wa Programu za Unix

Katika vitabu vingi vifundishavyo habari za kompyuta, mfumo wa Unix huelezwa kana kwamba kila sehemu yake ilipimwa mapema, kama nyumba iliyochorewa ramani kabla msingi haujachimbwa. Mfano utolewao mara kwa mara ni jinsi mfumo huo uanzishavyo programu. Kwanza mchakato hujinakili ukawa miwili, kwa amri iitwayo "fork"; kisha ile nakala huitupa programu iliyokuwa nayo na kupakia nyingine kutoka katika faili, kwa amri iitwayo "exec". Mgawanyo huo husifiwa kwa uzuri wake. Uzuri upo, lakini asili yake si ramani. Asili yake ni uhaba, na desturi ya kutumia tena kile kilichokwisha kuandikwa.

Mwaka 1969 maabara ya Bell, huko Murray Hill, New Jersey, ilijitoa katika mradi mkubwa wa Multics. Ken Thompson, pamoja na Dennis Ritchie na wenzao, akaanza kutunga mfumo mdogo juu ya PDP-7, mashine ambayo hata wakati ule ilikuwa imepitwa. Iliunganishwa na vituo viwili tu vya kuandikia, na kila kituo kilikuwa na mchakato wake mmoja, usiozaa wala kufa. Kiini cha mfumo hakikuwa na amri yoyote ya kupakia programu. Kazi hiyo ilifanywa na sheli, yaani programu ipokeayo maagizo ya mtumiaji. Sheli ilisoma agizo, ikaifungua faili iliyotajwa, ikanakili kijiprogramu kidogo mwishoni mwa kumbukumbu, kisha ikakiachia uendeshaji. Kijiprogramu hicho kiliisoma faili na kuimwaga juu ya sheli yenyewe. Programu ilipokwisha kazi yake, nakala mpya ya sheli ilisomwa kutoka diskini, mambo yakaanza tena. Hivyo kila mgeni alimmeza mwenyeji aliyemkaribisha, na mwenyeji mwingine akaletwa.

Ilipotakiwa michakato iweze kuzaana, yaliyoandikwa upya yalikuwa machache mno. Kiini kilikuwa tayari na maagizo ya kuuhamishia mchakato mmoja diskini ili kuupisha mwingine katika kumbukumbu. Maagizo hayo hayo yalitwaliwa yakanakili mchakato diskini, na orodha ya michakato ikarekebishwa kidogo. Kwa ushahidi wa Ritchie, alioutoa mwaka 1979, "fork" ya PDP-7 ilihitaji mistari 27 tu ya lugha ya asembli. Wazo lenyewe halikuwa geni, kwani lilikuwamo katika mfumo wa Genie wa Berkeley. Lakini Ritchie hakuficha kwamba kutenganishwa kwa "fork" na "exec" kwaelekea kutokana na wepesi wa kuiongeza ya kwanza bila kugusa mengine mengi. Ushahidi huu wa mtendaji mwenyewe wafaa kupewa uzito kuliko sifa za waliokuja baadaye.

Urahisi huo ulikuwa na gharama yake. Amri ya kubadili saraka, "chdir", ambayo zamani ilikuwa programu kama nyingine, ghafula iliacha kufanya kazi. Waandishi waliisoma wakaisoma tena, wasione kosa; na kwa kweli ndani yake hapakuwa na kosa. Sasa ilikuwa ikiendeshwa na mchakato mtoto: mtoto alihamia saraka mpya kama alivyoagizwa, kisha akafa, na mzazi wake, yaani sheli, akabaki pale pale alipokuwa. Ikabidi amri hiyo iingizwe ndani ya sheli, na katika sheli za Unix imo humo hata leo.

Mfumo ulipohamia PDP-11, mabaki ya namna nyingine yalijitokeza. Faili ya programu ilianza kwa kichwa cha maneno manane ya mashine, na neno la kwanza lilikuwa 0407, kwa hesabu ya msingi wa nane. Kwa PDP-11 namba hiyo ni agizo kamili: ruka maneno saba yafuatayo. Kichwa kilipopakiwa pamoja na programu, mashine ilianza na neno hilo, ikakiruka kichwa na kuangukia mwanzo wa kazi. Baadaye kiini kilikuja kukisoma kichwa chenyewe bila kukitekeleza. Hata hivyo 0407 haikuondolewa, bali ilifanywa alama ya kutambulisha aina ya faili. Mtaalamu wa Kiswahili hatashangaa. Katika neno "anakuja", silabi "ku", iliyokuwa alama ya kitenzi-jina, imepoteza maana hiyo na kubaki kwa ajili ya kuuchukua mkazo. Ndiyo maana hudondoka katika "hajaja". Ila mfano huu usivutwe mno, kwani "ku" haikubakizwa na mtu, na 0407 ilibakizwa.

Ikafuata 0410, alama ya programu ambayo maagizo yake hayaandikwi juu. Kiini kilipoombwa kuipakia, kilitazama kwanza kama maagizo hayo yamo tayari katika kumbukumbu. Yakiwamo, mchakato mpya uliunganishwa nayo, watumiaji kadhaa wakahudumiwa kwa nakala moja. Mwezi Januari 1980 Ritchie aliutumia tena utaratibu huo wa alama: faili ikianza kwa herufi "#!", kiini husoma katika mstari huo jina la programu ya kuifasiri. Kazi ambayo mpaka wakati huo ilifanywa zaidi na sheli ikaingia katika kiini.

Umbo hilo la faili, liitwalo "a.out", yaani tokeo la asembla, lilitumiwa pia na Linux katika miaka yake ya kwanza, kabla ELF haijashika nafasi yake. Mwaka 2022 maagizo ya kulipakia yaliondolewa katika kiini cha Linux. Lakini mwandishi wa programu asiyetaja jina la faili bado hupewa na kikusanyaji cha lugha ya C faili iitwayo a.out, na ndani yake mna ELF.