HISTORIA YA PUNDA WETU NA WATOTO WAO

Katika kitabu hiki cha kutimiza miaka kumi mweka hazina ameeleza habari za hisa na mikopo. Sisi tumeona tueleze habari za punda, maana wao ndio waliotufundisha kuweka akiba.

Tuanze na ya zamani. Punda asili yake ni Afrika hii hii, lakini huku kwetu alipata taabu sana kwa ajili ya mbung'o na matope. Mwaka 1871 Mzungu Stanley, alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo na punda 27. Akaikuta tambarare ya Mkata imejaa maji ya masika. Punda wakawa wanakufa wawili, watatu kwa siku, hadi wakabaki watano tu, tena dhaifu. Mizigo mingi ya njia ile ilipita mabegani mwa watu. Baadaye ikaja reli, ikapita Kilosa na kufika Kigoma mwaka 1914. Mizigo ya wakubwa ikapanda treni. Ya mwanamke, yaani maji, kuni na mahindi, ikabaki kichwani.

Ndiyo sababu katika mwaka wetu wa pili tulitoa fedha kwenye sanduku, tukanunua majike wawili kwa wafugaji wa Kimaasai. Jamani, tulifurahi! Kila mwanachama alitaka zamu yake. Madumu manne ya maji asubuhi, magunia ya mahindi jioni. Wahenga walisema punda afe mzigo ufike, nasi tukafanya hivyo hivyo.

Kumbe mmoja alikuwa na mimba. Wakati wa mavuno akaitupa njiani, mzigo ukiwa mgongoni. Mzigo ulifika, mtoto hakufika. Siku ile mkutano ulikuwa kimya. Halafu mama mmoja mzee akasema, "Hata sisi tulibebeshwa hivi hivi, na wengine wetu tulizika." Hakuna aliyemjibu. Tulijua anasema kweli.

Basi tukamwita bwana mifugo atufundishe. Akasema punda hubeba mimba miezi kumi na miwili, pengine zaidi, na huzaa mtoto mmoja. Miezi mitatu ya mwisho asibebe kitu. Akizaa, mtoto husimama baada ya muda mfupi, nusu saa au saa moja, na ni lazima anyonye maziwa ya kwanza mapema, maana ndiyo kinga yake. Kitovu kipakwe dawa ya iodini. Kondo la nyuma likichelewa kupita saa tatu, aitwe mtaalamu. Yote tukayaandika kwenye kanuni, na madumu tukayapunguza yakawa mawili. Anayezidisha analipa faini kama aliyechelewa mkutano.

Tukaazima dume, tukangoja mwaka mzima. Punda hupenda kuzaa usiku, kwa hiyo tulilala zizini kwa zamu, tukiwa na taa na fimbo kwa ajili ya fisi. Mtoto akatoka, masikio marefu, miguu mirefu kuliko mwili. Akainuka, akaanguka, akainuka tena, akatafuta ziwa upande usiokuwa na ziwa. Tulipiga vigelegele kwa sauti ya chini tusimtishe mama yake.

Wenzetu wa Mikumi wana kazi zaidi. Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 iko jirani, mbung'o wapo na simba wapo. Punda wao hawachungwi kuelekea porini, usiku hulala ndani ya zizi la miiba, na akianza kukonda anaitiwa daktari mapema. Mwanapunda wao wa kwanza alichukuliwa na fisi kwa sababu mlango uliachwa wazi usiku mmoja tu.

Tukapata na jaribu. Walikuja watu kutaka punda wa kuchinjwa kwa ajili ya ngozi, ambazo China huchemshwa na kutengenezwa dawa. Bei ilikuwa nzuri, na ada za shule zilikuwa zimefika. Kikundi kiligawanyika. Tukakaa tukapiga hesabu: mimba mwaka mmoja, kisha mtoto akue kama miaka mitatu ndipo abebe mzigo. Tukimwuza leo, itatuchukua miaka minne kumrudisha, na miaka yote hiyo dumu linarudi kichwani. Tukapiga kura, waliokataa wakashinda. Walioshindwa hatuwalaumu, maana shida yao ilikuwa ya kweli, na tuliwakopesha kutoka mfuko wa jamii. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika nao walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Tulisomeana habari hiyo mkutanoni.

Leo tunao punda saba, na jike mmoja ana mimba. Hisa nazo ni hivyo hivyo: ukiitoa kabla ya wakati wake, umetupa mimba. Mwanachama mpya tunamwonyesha sanduku lenye funguo tatu, kisha tunampeleka zizini.

Umoja ni nguvu.