Kwa nini grafu ya bei hubadilika ukiifungua kwenye kompyuta nyingine



Msimu uliopita nilikichorea kikundi kimoja grafu ya bei ya mahindi kwenye Excel. Bei ilikuwa chini tarehe 2/7, wakati wa mavuno, na juu tarehe 7/2, wakati maghala mengi yamebaki matupu. Katibu alifungua faili steshenari, kwenye kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani, ambako mwezi huandikwa kabla ya siku. Tarehe zikageuka, na bei ya juu ikasomeka kuwa ya tarehe 2/7. Wanachama wakaanza kutafuta mnunuzi ili wauze magunia yote Julai. Bahati nzuri walinipigia simu kabla gari halijapakia.

Hakuna aliyechezea faili lile. Chanzo chake ni cha zamani.

Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa VisiCalc, programu ya jedwali la hesabu kwa kompyuta ya Apple II. Ilijumlisha namba, lakini yenyewe haikuchora grafu. Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3, iliyoweka jedwali na grafu katika programu moja. Tangu hapo faili la jedwali halijabeba picha ya grafu. Limebeba namba na maelekezo ya kuchora, na kila kompyuta huchora upya kwa vifaa vyake.

Kwenye tarehe ndipo pagumu zaidi. Ndani ya faili, tarehe ni namba tu ya siku zilizohesabiwa. Lotus ilianza hesabu mwaka 1900, tena ikaupa mwaka huo Februari 29 ambayo haikuwapo. Excel ya kwanza, ya mwaka 1985 kwa kompyuta za Macintosh, ilianza hesabu mwaka 1904. Ile ya Windows ya mwaka 1987 ilifuata 1900 pamoja na kosa la Lotus, ili mafaili yapatane. Ndiyo maana hadi leo ukinakili tarehe kutoka faili la hesabu moja kwenda la hesabu nyingine, zinaweza kuruka siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja.

Toleo la Excel la mwaka 2007 lilileta aina mpya ya faili, uchoraji mpya wa grafu na mwandiko wa Calibri. Kompyuta isiyo na mwandiko huo huweka mwingine, na maneno yakiwa mapana zaidi hukatika au kupandana.

Kwa hiyo, kabla hujatuma grafu kwa mnunuzi au kwa mkopeshaji, fanya haya:

1. Andika mwezi kwa jina, kama maandishi: "7 Feb", si 7/2.
2. Andika bei yenyewe juu ya kila nguzo, usitegemee rangi peke yake.
3. Hifadhi nakala ya PDF utume hiyo. PDF hubeba mchoro ukiwa umekamilika.
4. Faili la jedwali baki nalo, uendelee kuingiza bei mpya.

Na wewe unayepokea grafu, ukiona bei ya mahindi imepanda katikati ya mavuno, usipakie gari kwanza. Mpigie aliyeichora umuulize tarehe.