Tuseme (mradi wa maigizo shuleni)

Tuseme ni mradi wa sanaa za maonyesho kwa wasichana wa shule za sekondari, ulioanza mwaka 1996 chini ya wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majina yanayotajwa zaidi ni Penina Mlama, aliyeandika tamthilia za *Hatia* na *Lina Ubani* kwa jina la Penina Muhando, na Amandina Lihamba, mtunzi wa *Hawala ya Fedha* ambaye pia aliigiza katika filamu ya *Maangamizi* (2001).

Hapa mwalimu hagawi tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Wasichana huanza kwa kutaja wenyewe kinachowakwamisha: mimba, kutongozwa na walimu, kazi za nyumbani zinazokula muda wa kusoma. Kisha hutunga igizo, mara nyingi likichanganya ngoma, nyimbo na ngonjera, na kulionyesha mbele ya shule nzima. Mkuu wa shule amekaa mstari wa mbele; binti aliyevaa koti la mwalimu anamwiga mwalimu. Baada ya hapo hufuata mjadala, na pengine hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko jukwaani.

Baadaye FAWE, shirika la kutetea elimu ya wasichana Afrika ambalo Mlama aliliongoza kama mkurugenzi mtendaji, liliupeleka mradi huu katika nchi nyingine za Afrika.