Mionzi ya shabaha: Tiba ya saratani isiyongoja aliyechelewa

KWA mgonjwa wa saratani kutoka Migori au Homa Bay, tiba ya mionzi hupimwa kwa siku na kwa kilomita. Safari ya barabara hadi Nairobi inazidi kilomita 300, nayo tiba ya kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, mara nyingi kwa wiki tano hadi saba. Mgonjwa hulala chini ya mashine kwa dakika chache tu kila siku, ilhali gharama za malazi na chakula humwandama kutwa kucha.

Ndiposa mionzi ya shabaha, ambayo humaliza kazi kwa ziara moja hadi tano, ina maana ya pekee kwa wakazi wa kaunti hizo mbili za ufuo wa Ziwa Viktoria.

Mionzi huua saratani kwa kuharibu chembe za urithi zilizo ndani ya seli. Seli zenye afya pia hudhurika, ila hujirekebisha vyema zaidi. Kwa sababu hiyo, dozi ya kawaida hugawanywa katika vipimo vidogo vya takriban grei 2 kwa siku.

Mionzi ya shabaha hufuata njia nyingine. Kwanza, picha za CT na MRI huonyesha mipaka ya uvimbe. Kisha miale mingi myembamba huelekezwa kutoka pembe mbalimbali. Kila mwale peke yake ni dhaifu, lakini yote hukutana kwenye uvimbe na kuuunguza kwa dozi kubwa, huku viungo jirani vikipata kiasi kidogo.

Wazo hilo lilitolewa mnamo 1951 na Lars Leksell, daktari wa upasuaji wa ubongo nchini Uswidi. Mashine yake, Gamma Knife, ilihitaji fremu ya chuma iliyofungwa kwenye fuvu la mgonjwa. Baadaye John Adler wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alibuni CyberKnife, ambayo haihitaji fremu. Mkono wa roboti hubeba chanzo cha mionzi, na picha za eksirei huuelekeza hata uvimbe unaposogea mgonjwa anapopumua. Marekani iliidhinisha itumike mwili mzima mnamo 2001. Ijapokuwa jina lake la Kiingereza lina neno 'kisu', hakuna mahali panapopasuliwa.

Nchini Kenya, tiba ya mionzi ilianza katika Hospitali Kuu ya Kenyatta mnamo 1968. Baadaye vituo vya umma vilifunguliwa Mombasa, Nakuru na Garissa. CyberKnife iliwasili mnamo 2023 katika Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Hata hivyo, si kila mgonjwa anayefaa kupewa tiba hiyo. Hufaa uvimbe mdogo wenye mipaka dhahiri: wa ubongo, mapafu, ini, uti wa mgongo au tezi kibofu. Saratani iliyokwisha kuenea kote mwilini haiponywi nayo.

Saratani ya lango la kizazi, kwa mfano, inapokuwa imevuka hatua ya upasuaji hutibiwa kwa mionzi ya kawaida pamoja na dawa, kisha chanzo cha mionzi huwekwa ndani, karibu na uvimbe wenyewe. Matibabu yote yanafaa kukamilika ndani ya wiki nane, kwani kukatiza katikati huipa saratani nafasi ya kukua tena. Suala hili ni zito Homa Bay na Migori, ambako maambukizi ya HIV yamekuwa juu: mwanamke anayeishi na virusi hivyo anakabiliwa na hatari takriban mara sita zaidi ya kupata saratani hiyo.

Vivyo hivyo, saratani ya Burkitt inayovimbisha taya za watoto, iliyoelezwa mnamo 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, hutibiwa hasa kwa dawa. Mzazi wa mtoto huyo hana haja ya kutafuta CyberKnife. Anachohitaji ni kumfikisha hospitalini mapema.

Hofu kwamba anayetibiwa kwa mashine hizi huambukiza wengine mionzi haina msingi. Mashine inapozimwa, hakuna mionzi inayosalia mwilini.

Kabla ya kusafiri, mgonjwa anapaswa kuwa na barua ya rufaa, picha zake na matokeo ya uchunguzi wa kipande kilichotolewa kwenye uvimbe. Ni vyema pia kuthibitisha kiasi ambacho bima italipa, kwa kuwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024.

Lakini mashine bora kabisa haiwezi kurudisha miezi iliyopotea. Chanjo ya HPV, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa umri wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019, na uchunguzi wa mapema hupatikana karibu na nyumbani. Uvimbe ukigunduliwa ukiwa mdogo, safari ya Nairobi huenda ikawa ya siku chache. Ukigunduliwa ukiwa umeenea, hata roboti hukosa shabaha.