Paka Hakutekwa, Alikuja Mwenyewe

Msomaji mpenzi, huenda siku moja ukaletewa nyumbani paka aliyeokolewa njiani, au ukaenda kumchukua wewe mwenyewe katika makao ya kutunzia wanyama waliotupwa. Utamfungulia kikapu kwa furaha, naye atatoka mbio akajifiche chini ya kabati. Utamwita, asije. Utamwekea samaki, asimguse mpaka watu wote wamelala. Siku ya tatu mtu mmoja atasema, "Mrudisheni huyu. Paka gani asiyependa watu?" Kabla hujakubali neno hilo, nakuomba usikilize historia yake, kwani si haki kumhukumu mshtakiwa ambaye hajasikilizwa.

Ng'ombe, mbuzi na punda walitiwa mikononi mwa wanadamu kwa boma na kwa kamba. Paka hakutekwa. Asili yake ni paka-mwitu, yaani kimburu, ambaye hata leo angali akiwinda usiku katika nyika zetu. Hapo kale, watu wa Mashariki ya Karibu walipoanza kulima ngano na shayiri na kuweka akiba ghalani, panya waliifuata nafaka, na paka-mwitu wakawafuata panya. Mkulima hakuwa na sababu ya kumfukuza mgeni aliyemfanyia kazi bila kuagizwa. Paka waoga mno walirudi porini. Wenye moyo kidogo walibaki, wakazaa karibu na ghala. Hivyo ndivyo urafiki ulivyoanza: mmoja alivumilia, na mwenziwe akasogea hatua kwa hatua.

Urafiki huo ni wa kale sana. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza habari za kaburi lililofukuliwa mahali paitwapo Shillourokambos, katika kisiwa cha Kupro. Kaburi hilo lina umri wa miaka ipatayo 9,500. Humo mlikuwa na mifupa ya mtu, na karibu naye, kiasi cha sentimita 40 tu, mifupa ya paka mchanga wa miezi kama minane. Yaelekea paka waliletwa kisiwani kwa chombo, kwani hawakuwa wenyeji wa kisiwa kile. Miaka mingi baadaye Wamisri walimheshimu paka kupita kiasi. Mjini Bubastis walimwabudu Bastet, mungu wa kike mwenye kichwa cha paka. Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari za Misri katika karne ya tano kabla ya Kristo, asema kwamba paka alipokufa kifo cha kawaida, watu wa nyumba ile walinyoa nyusi zao.

Hata hivyo, kwa karne nyingi paka alibaki mnyama wa mlangoni, akiingia na kutoka apendavyo. Alipokosa mwenyewe, wachache walimjali. Mjini London, Mary Tealby alifungua makao ya mbwa waliopotea mwaka 1860, lakini makao hayo hayakupokea paka mpaka mwaka 1883. Tena palikuwa na shida ya choo. Mwaka 1947, katika jimbo la Michigan huko Marekani, jirani alimwomba Edward Lowe mchanga wa kutia katika sanduku la paka wake. Lowe akampa punje za udongo mkavu wenye kunywa maji na kupunguza harufu. Udongo huo ukawa biashara kubwa, na watu wengi zaidi wakaweza kumweka paka ndani usiku na mchana, mbali na magari na mapigano.

Fanya hesabu, msomaji. Paka amekaa karibu na watu zaidi ya miaka 9,000, lakini maisha ya kufungiwa ndani hayajatimiza hata 100 tangu yawe ya kawaida. Zaidi ya hayo, kila paka huanza upya. Mtoto wa paka hujifunza kumwamini mwanadamu hasa baina ya juma la pili na la saba. Akikosa mkono mwema katika siku hizo, humwogopa mtu kama babu zake walivyomwogopa. Huko si kukosa shukrani.

Basi mfanyie kama alivyofanya yule mkulima. Mpe chumba kimoja kitulivu, sanduku la kujifichia, chombo cha choo mbali na chakula, na maji safi. Mlishe kwa saa zile zile kila siku. Usimvute kutoka mafichoni. Keti sakafuni usome kitabu chako, wala usimkazie macho. Akikutazama, fumba macho polepole, kisha ufumbue; uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Sussex wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba paka huwa tayari zaidi kumkaribia mtu afanyaye hivyo. Huenda zikapita wiki, huenda ikapita miezi.

Wewe nawe wakumbuka usiku wako wa kwanza katika bweni la shule, ulivyojifunika blanketi mpaka kichwani. Hukuwachukia wenzako, ulikuwa hujawajua. Aliyekusaidia si yule aliyekuvuta blanketi, bali yule aliyekuachia nafasi kando yake mezani asubuhi. Mwachie paka nafasi hiyo. Siku atakapotoka chini ya kabati kwa hiari yake na kukunusa kidole, usimkamate. Tulia tu, kwani atakuwa akiirudia safari ile ile ya babu zake, kutoka porini mpaka ghalani.